Kamati ya Kupatanisha Programu Mbili

Jumatatu saa tatu asubuhi Idara ya Usajili wa Ndoa ilitoa tangazo. Lilibandikwa getini, kwenye kila dirisha la huduma na, kwa kuwa nakala zilibaki, ndani ya vyoo vyote viwili. Tangazo lilisema kwamba Idara ina furaha kubwa kuutaarifu umma kuwa haina tatizo lolote, na kwamba tatizo hilo linashughulikiwa katika ngazi ya juu kabisa. Kwa ajili hiyo Mkurugenzi ameunda Kamati ya Kupatanisha Programu Mbili, itakayofanya kazi usiku na mchana, isipokuwa usiku.

Fundi wa kompyuta alilisoma akiwa na kebo begani na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno machache na bisibisi nyingi, na pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, wote walimwita Fundi, naye aliitika. Alilisoma mara mbili, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, kwa sababu siku hiyo ndiyo mdogo wake alikuwa anaolewa, tena papo hapo, dirisha namba tatu, saa tano kamili.

Tatizo ambalo Idara haikuwa nalo lilikuwa hivi. Ndani ya kompyuta kuu, ile iliyotunza ndoa zote za mji, kulikuwa na programu mbili. Moja ilikuwa ya kuzuia virusi, ngeni, imeletwa wiki iliyopita, na wafanyakazi waliipa jina la Askari. Nyingine ilikuwa ya kurejesha mfumo, ya siku nyingi. Kazi yake ilikuwa kutunza nakala za zile siku ambazo kompyuta ilikuwa na afya njema, ili ikiugua irudishwe katika hali hiyo. Hiyo waliiita Nesi. Kila jioni Nesi alipita faili moja baada ya nyingine, akizipima na kuzinakili. Askari, ambaye hakuna aliyemtambulisha kwa wenzake, aliona kiumbe kinachofungua kila mlango na kuondoka na vitu, akasema huyu ni mwizi. Akaikamata nakala mpya ya siku hiyo akaitia karantini, pamoja na ile iliyoitangulia, kwa kosa la kushirikiana. Asubuhi kompyuta ikiwashwa, Nesi anakuta vitu vyake vimepungua, anakata shauri kwamba mgonjwa amezidiwa, na anairudisha kompyuta kwenye nakala iliyobaki, yaani ya nyuma zaidi. Ijumaa iliyopita kompyuta iliamka ikiamini ni Jumatano, na wote waliooana Alhamisi wakawa wachumba.

Ni haki kusema kwamba programu zote mbili zilikuwa zinafanya kazi kwa uaminifu ambao Idara haijawahi kuuona kwa mtumishi mwingine yeyote. Na dawa ilikuwa ndogo. Ndani ya Askari kulikuwa na orodha ya wasioguswa, na mbele ya jina la Nesi kulikuwa na kisanduku kitupu. Ukiweka tiki pale, ugomvi umekwisha. Fundi alikadiria dakika mbili, pamoja na kukohoa.

Alipanda ghorofani kuomba nywila ya kuifungua orodha hiyo. Mkurugenzi alikuwa mtu wa tai fupi na sentensi ndefu, na alimpokea kwa upole, kama anavyopokelewa mtu ambaye hatapewa anachotaka.

"Unachoomba wewe, Fundi, ni programu moja isikaguliwe na nyingine zote zikaguliwe," alisema. "Huo ni upendeleo. Leo Nesi, kesho programu ya kuandikia barua nayo itadai."

"Bosi, ni tiki tu."

"Kila upendeleo ulianza na tiki."

Halafu akamkumbusha suala la nywila yenyewe. Kwa usalama wa taifa na wa meza yake, Mkurugenzi alikuwa ameikata vipande viwili. Kipande cha mbele kilikuwa kichwani mwa Afisa Ulinzi, cha nyuma kichwani mwa Afisa Kumbukumbu, na kila mmoja alikatazwa kukitamka hata ndotoni. Zamani utaratibu huu haukusumbua mtu. Maafisa hao wawili walikuwa wamekaa meza moja miaka kumi na moja, wakinywa chai kutoka chupa moja na kusengenya watu walewale. Lakini sasa Mkurugenzi alikuwa amemteua Afisa Ulinzi kuwa mtetezi wa Askari mbele ya Kamati, na Afisa Kumbukumbu kuwa mtetezi wa Nesi, na akawaagiza watetee kwa moyo wote.

Saa tano ndoa ilifungwa. Walikuja wageni sitini, kinamama wakapiga vigelegele mpaka vioo vya dirisha namba tatu vikatetemeka, na mama yake Fundi akalia kilio kizuri, cha kuanzia chini. Bibi harusi alikuwa mkunga, bwana harusi mwalimu wa hesabu. Mkunga alikuwa amepangiwa hospitali mpya, mwendo wa siku mbili kutoka pale, na alitakiwa kuripoti Jumatatu inayofuata. Mwalimu angehamishwa pamoja naye ikiwa tu Ofisi ya Uhamisho itaikuta ndoa yao kwenye kompyuta. Ofisi hiyo ilichungulia mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, na Ijumaa ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Wakikosa, mwalimu atasubiri awamu ijayo. Awamu ijayo ilikuwa baada ya miaka mitatu.

Fundi alijua haya yote, ndiyo maana alimkumbatia mdogo wake kwa nguvu kuliko kawaida. Ndoa ilikuwa imefungwa, lakini ilikuwa bado haijalala usiku mmoja ndani ya kompyuta.

Na haikulala. Jumanne saa mbili asubuhi kompyuta iliwashwa ikiamini ni nusu ya mwezi uliopita. Ofisi ya Uhamisho ilichungulia, ikaona mkunga mmoja asiye na mume, ikapiga simu kumpa pole. Mwalimu wa hesabu alikuja mbio na cheti chake mkononi. Karani wa dirisha namba tatu alikitazama kwa heshima akamweleza kwamba cheti ni karatasi, na Idara iliacha kutumia karatasi mwaka juzi, kwa barua. Akawashauri waoane tena, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi. Wakaoana tena. Wageni walikuwa kumi na wanane, vigelegele vilikuwa vya wastani, na mama alilia upya bila kupunguza kitu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kompyuta isiachwe ikiwaka mpaka kesho yake, isizimwe, isiamke, isirudishwe nyuma. Fundi aliuliza. Alijibiwa kwamba kila siku ifikapo jioni Mkurugenzi mwenyewe huizima kwa mkono wake, na ufunguo wa chumba cha kompyuta huondoka nao mfukoni. Ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyoifanya mwenyewe, na hakuwa tayari kuigawa.

Mchana huo Kamati ilikutana kwa mara ya kwanza. Viti viwili viliachwa wazi kwa ajili ya Askari na Nesi, kila kimoja na chupa yake ya maji na kibao chenye jina. Afisa Ulinzi alikaa nyuma ya kiti kimoja, Afisa Kumbukumbu nyuma ya kingine. Fundi aliitwa kama mkalimani. Kazi yake ilikuwa kusoma kumbukumbu ambazo programu zenyewe zilikuwa zimeandika, ili Kamati isikie kila upande.

Akasoma za Askari: mtuhumiwa amekutwa saa kumi na moja jioni akigusa faili elfu nne bila kibali, amedhibitiwa. Afisa Ulinzi akaitikia kwa kichwa, kwa fahari ya mzazi. Akasoma za Nesi: mfumo hauko salama, narejesha. Mkurugenzi akaweka kalamu chini.

"Amesema hivyo kwa sauti gani?"

"Hana sauti, bosi. Ni programu."

"Yaani hajaonyesha kujuta?"

"Hawezi kujuta, bosi."

"Andika," Mkurugenzi alimwambia katibu. "Ameulizwa, akakataa kujuta."

Afisa Kumbukumbu alisimama kupinga, akisema mteja wake amefanya kazi miaka kumi bila hata siku moja ya likizo, leo anaitwa mwizi na mtu wa wiki moja. Afisa Ulinzi akajibu kwamba wezi wengi ni wakongwe. Kisha, kwa kuwa joto lilikuwa limezidi, akanyoosha mkono bila kuangalia, akanywa maji ya Nesi. Kikao kilivunjika kwa zogo. Kesho yake maafisa hao wawili walikuja kila mmoja na chupa yake ya chai, na katikati ya meza yao mtu alikuwa amechora mstari kwa chaki. Ulinyooka sana. Tangu hapo waliandikiana barua, zikipitia kwa mhudumu aliyetoka nje na kuzunguka jengo zima kabla ya kuzifikisha upande wa pili wa meza ileile.

Jumatano kompyuta iliamka ikiwa mwanzoni mwa mwaka. Uwanja wa Idara ulijaa watu walioondoka nyumbani wakiwa na waume na wake, wakaambiwa hawana. Walikuwa na kelele, na baadhi yao walikuwa na wanasheria. Hapo ndipo Mkurugenzi alipoonyesha kwa nini yeye ni Mkurugenzi. Alijifungia saa mbili nzima, akatoka na Waraka Namba Saba.

Waraka ulikuwa mfupi na wa wazi, na wote waliousoma walikubaliana kwamba haujawahi kuandikwa mwingine kama huo. Aya ya kwanza ilisema kwamba hali ya ndoa ya mwananchi ni ile inayosomeka kwenye kompyuta saa mbili kamili asubuhi, na si vinginevyo. Aya ya pili ilisema kompyuta haikosei. Aya ya tatu iliwashukuru wananchi kwa kukosea wao. Aya ya nne, ambayo Mkurugenzi aliipenda kuliko zote kwa sababu ilikuwa na haki ndani yake, ilisema kwamba endapo jalada lolote la ndoa litapatikana baada ya kupotea, halitarejeshwa mpaka mume na mke wapewe siku kumi na nne za kutoa maoni. Asiyetaka siku hizo aje aseme mwenyewe dirishani. Mkurugenzi alifurahi mno, akachukua nakala moja kwenda nayo nyumbani ili mkewe aisome na kuisifia. Mke aliisoma yote. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alizoea kusoma vitu hadi mwisho kabla ya kuweka alama.

Siku hiyo mkunga na mwalimu wa hesabu walioana mara ya tatu. Alhamisi kompyuta iliamka miaka mitatu nyuma, nao wakaoana mara ya nne.

Hiyo ya nne ilikuwa na wageni watatu: mama, jirani wa mama, na bwana mmoja aliyekuja kuuliza choo kiko wapi akaombwa awe shahidi. Hakukuwa na vigelegele. Karani hakumaliza swali, mwalimu wa hesabu alishajibu "ndiyo" akimtazama mkunga wala si karani, na alilisema taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Mama alilia tena. Jirani alimpa leso akamwambia ajibakizie kidogo kwa ajili ya kesho.

Mdogo wake alimvuta Fundi kando, karibu na printa. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alijaribu kucheka.

"Dada, na hii italala?"

Fundi alitaka kusema ndiyo. Ilimuuma vibaya kwamba hakuweza. Yeye alifufua mashine za watu wote wa mji ule, na kwa mdogo wake mwenyewe alikuwa anashindwa kuweka tiki moja.

"Wewe nenda ukapakie mizigo," alimwambia. "Pakia ya watu wawili."

Kisha akaenda kwenye ile meza yenye mstari wa chaki. Aliongea na Afisa Ulinzi kwa adabu zote, akamwita kaka, akamweleza habari za mdogo wake. Afisa Ulinzi alisikitika kweli. Alisema angetoa kipande chake cha nywila hata sasa hivi, ila kwanza Nesi aombe radhi kwa maandishi. Fundi akazunguka upande wa pili. Afisa Kumbukumbu naye alisikitika kweli, na yeye alitaka Askari ndiye aanze, na yale maji ya Nesi yarudishwe. Wote wawili waliongea kwa kunong'ona ili mwenzake asisikie, ingawa magoti yao yalikuwa yanagusana chini ya meza. Saa kumi na moja na nusu Mkurugenzi alishuka na ufunguo wake, akaizima kompyuta, akaipigapiga mgongoni, akaenda zake.

Ijumaa ilikuwa imebaki nakala moja tu. Ilikuwa ya siku ile mfumo ulipozinduliwa, miaka kumi iliyopita, kabla hata jina la kwanza halijaandikwa. Saa mbili kamili kompyuta ikaamka, safi kabisa, na kwenye skrini yake yakatokea maneno ya kumkaribisha mteja wa kwanza. Kwa mujibu wa aya ya kwanza, katika mji mzima hapakuwa na mume wala mke.

Habari zilienea haraka. Saa mbili na robo foleni ilikuwa imetoka getini ikapinda kona. Mlinzi alifungua madirisha mapema bila kumwuliza mtu, na yeye mwenyewe akajipanga, kwa kuwa naye alikuwa amerudi kuwa kijana. Hali haikuwa ya huzuni. Kulikuwa na wanaume waliotembea wakipiga mluzi mpaka walipowaona wake zao wakipiga mluzi pia. Kulikuwa na wazee wawili walioshikana mikono wakisema hawana haraka, mara ya kwanza pia walisubiri. Mbele kabisa, na masanduku manne, walisimama mkunga na mwalimu wa hesabu. Basi la mkunga lilikuwa linaondoka na mumewe au bila mumewe, na saa ya ukutani ilikuwa haimwonei mtu huruma. Fundi alikuwa amekaa dirisha namba tatu, kwa sababu karani alikuwa amekimbilia nyumbani kujieleza.

Ndipo foleni ilipopasuka katikati kumpisha mama mmoja mwenye miwani na mkoba mweusi. Watu wengi walikuwa wamefundishwa naye, na walimpisha kwa mazoea. Alifika dirishani akasalimia vizuri.

"Mwanangu, naomba kujua hali yangu ya ndoa."

Fundi aliandika jina, akatazama skrini. "Mfumo unasema hujaolewa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu saa mbili, mama."

 Mwalimu mkuu alitabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa likizo bila kuiomba, akaketi kwenye benchi na kuweka mkoba magotini.

Ghorofani mtu alikuwa ameshampelekea Mkurugenzi habari. Alishuka ngazi mbilimbili, tai ikimpiga begani, akasema, "Mke wangu—"

"Mke wa nani?"

Alifungua mkoba, akatoa Waraka Namba Saba uliokunjwa mara nne, akampa. "Aya ya kwanza. Soma kwa sauti, watoto wote nyuma wasikie. Wewe ndiye uliyeandika vizuri."

Mkurugenzi alisoma. Haukupita muda akasahau kwamba kila upendeleo ulianza na tiki. Aliamuru nywila itolewe dakika ileile, kwa maslahi mapana ya taifa. Afisa Ulinzi na Afisa Kumbukumbu waliletwa, kila mmoja kupitia mlango wake, na kila mmoja akiwa na simu sikioni. Simu zote mbili zilikuwa na sauti ya mwanamke anayeuliza swali lilelile. Hawakudai radhi ya mtu. Afisa Ulinzi aliandika kipande chake huku mwenzake amefumba macho, kisha Afisa Kumbukumbu akaandika chake huku mwenzake amegeukia ukuta. Fundi akafungua orodha ya wasioguswa na kuweka tiki mbele ya jina la Nesi. Afisa Kumbukumbu alikohoa. Zilikuwa dakika mbili kasoro sekunde chache.

Karantini ikafunguka. Nakala zote zilizokuwa zimekamatwa zikajipanga kwenye skrini, ndoa za miaka kumi, kila jalada na kisanduku chake cha kurejeshwa. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro dakika saba.

"Rudisha zote," Mkurugenzi alisema akijifuta jasho.

"Siwezi, bosi," alisema Fundi kwa unyenyekevu mkubwa. "Aya ya nne. Lazima kwanza tuwaulize kama wanataka siku zao."

Hakungoja jibu. Alitoa kichwa dirishani akauliza kwa sauti nani anataka siku kumi na nne za kutoa maoni. Foleni nzima ikasema haitaki, hadi kule kwenye kona. Mzee mmoja tu aliinua mkono, na mkewe akaushusha.

Fundi alianza na mdogo wake. Ndoa zilikuwa nne, mfumo ulikubali moja, akawauliza wanachukua ipi. Alidhani watataka ya Jumatatu, yenye wageni sitini na vigelegele. Mkunga alimtazama mwalimu wake wa hesabu.

"Ya jana," alisema. "Jana alijibu kabla hajaulizwa."

Fundi aliweka tiki, na kwa mara ya kwanza wiki ile machozi yalimtoka yeye, si mama. Saa tatu kamili Ofisi ya Uhamisho ilichungulia, ikaona mume na mke, ikapiga muhuri. Uwanja mzima ukapiga vigelegele kwa watu ambao wengi wao hawakuwajua. Mama alijaribu kulia, hakikutoka kitu, akaishia kucheka na kujifuta uso kwa leso ya jirani.

Fundi aliendelea kuweka tiki mpaka mchana. Wazee wawili walirudi kuwa mume na mke, mlinzi akarudi kuwa baba wa familia, maafisa wale wawili wakarudishwa mmoja baada ya mwingine na kuondoka kupitia mlango mmoja. Mwishowe skrini ilibaki na kisanduku kimoja. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo.

"Hicho changu," alisema taratibu.

"Mimi nataka siku zangu kumi na nne," alisema mwalimu mkuu kutoka kwenye benchi.

Mkurugenzi aligeuka. Alieleza kwamba aya ile haikukusudiwa kutumika hivyo. Mwalimu mkuu alimwuliza ilikusudiwa kwa ajili ya nani, kisha akafunga mkoba wake.

"Naunda kamati," alisema. "Watu watatu. Mimi, mama yako na dada yako mkubwa. Wewe utawekewa kiti na chupa ya maji. Hutahitaji kuongea, tutasoma kumbukumbu zako tu."

Alimpa Fundi mkono, akampongeza mkunga, na akatoka kupitia foleni iliyompisha tena.

Siku kumi na nne si nyingi, hasa kwa mtu anayelala kwenye kochi la ofisi yake mwenyewe. Katika siku hizo Waraka Namba Saba ulifutwa kimya kimya, Kamati ya Kupatanisha Programu Mbili ikavunjwa kwa kumaliza kazi yake kwa mafanikio, na mstari wa chaki ukafutwa kwa kitambaa cha chai. Barua ilikuja ofisini kwa Fundi kutoka mbali. Mdogo wake aliandika kwamba amepokea watoto sita wiki ya kwanza, na kwamba mwalimu wa hesabu amejifunza kupika maharage, ingawa bado anayahesabu.

Siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi, Mkurugenzi alisimama dirisha namba tatu. Alikuwa amechukua namba na kupanga foleni kama watu. Tai ilikuwa na mikunjo. Alisukuma bahasha chini ya kioo, Fundi akaifungua, akaisoma yote hadi mwisho. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, ina sahihi tatu za wanawake. Ilisema kwamba Kamati imepitia kumbukumbu za mhusika za miaka tisa, imemwuliza kama anajuta, naye amejuta, kwa sauti. Kamati imeridhia arejeshwe katika hali yake ya awali, kwa sharti moja tu: asiingizwe kwenye orodha ya wasioguswa. Atakaguliwa kila jioni.

"Kuna tatizo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna, bosi. Tena sharti hili ni la haki kabisa. Vinginevyo ungekuwa upendeleo."

Fundi aliweka tiki. Zilikuwa dakika mbili, na safari hii aliyekohoa alikuwa Mkurugenzi.